Nani Anaweza Kusema Mtambo Usiwashwe?

Msikilizaji, mchoro wa bomba ninalotaka tulizungumzie leo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na hapakuwa na mchoro mwingine. Kiwanda kilikuwa Flixborough, katika eneo la Lincolnshire nchini Uingereza, na kilitengeneza malighafi ya nailoni. Mwishoni mwa Machi 1974 mafundi waligundua ufa kwenye tangi la tano kati ya matangi sita makubwa yaliyounganishwa kwa safu. Tangi hilo likaondolewa, na ili uzalishaji usisimame, la nne likaungwa na la sita kwa bomba la muda. Tarehe 1 Aprili mtambo ukawa umewashwa tena. Miezi miwili baadaye, alasiri ya Jumamosi, tarehe 1 Juni, bomba lile liliachia. Wingu la mvuke likatanda kiwandani, likalipuka, na watu 28 wakafa, 18 kati yao wakiwa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Nyumba zilizoharibika katika vijiji vya jirani zilifika karibu 1,800. Kwa kuwa ilikuwa mwisho wa juma, ofisi zilikuwa karibu tupu. Ingekuwa siku ya kazi, misiba ingekuwa mingi zaidi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kiwanda chenyewe hakikujengwa ovyo. Tume iliyochunguza ajali ilitoa taarifa yake mwaka 1975, nayo ilikubali kwamba mtambo ulisanifiwa na kujengwa vizuri. Kilichouharibu ni kipande kimoja kilichoongezwa baadaye. Matangi yalipigiwa hesabu na wahandisi na kujengwa kwa kufuata viwango. Bomba la kuunganishia halikupata hata kimoja kati ya hivyo. Hapo ndipo inapoanzia hoja yangu ya leo: kazi ya matengenezo katika kiwanda inastahili kusimamiwa kwa ukali uleule wa kazi ya ujenzi, na mara nyingi kwa ukali uliozidi, kwa sababu ina hatari zaidi na ina macho machache zaidi yanayoitazama. Tena usimamizi huo hauwi usimamizi mpaka awepo mtu mwenye uwezo halisi wa kusema kazi isimame, na ikasimama, kabla kilichofanyika hakijafunikwa na kabla mtambo haujawashwa.

Tuendelee kidogo na Flixborough, maana undani wake unafundisha. Matundu ya matangi yalikuwa na upana wa inchi 28, lakini bomba lililopatikana lilikuwa la inchi 20. Kila tangi liliwekwa chini kidogo kuliko lililotangulia, kwa hiyo bomba la kutoka la nne kwenda la sita halikuweza kunyooka. Lilikatwa na kuchomelewa likiwa na magoti mawili. Pande zote mbili lilishikwa na viungo vya chuma vyenye mikunjo, vilivyokusudiwa kuruhusu chuma kitanuke kwa joto. Sasa fikiria: ndani kuna kimiminika chenye joto la nyuzi 155 za Selsiasi, kinachobaki kimiminika kwa sababu tu kimebanwa na shinikizo kubwa. Shinikizo hilo linasukuma ncha mbili za bomba ambazo haziko kwenye mstari mmoja, hivyo bomba zima linataka kujipindua. Viungo vyenye mikunjo havikutengenezwa kubeba nguvu ya namna hiyo, na mtengenezaji wake alikuwa na mwongozo unaoeleza vitumike vipi. Hakuna aliyeufungua. Bomba liliegemezwa juu ya vyuma vya jukwaa la muda, vya aina ileile wanayopandia mafundi wa ujenzi. Kabla ya kuwasha lilipimwa kwa gesi kuona kama linavuja, kwa shinikizo la kama kilo 9 kwa sentimita ya mraba, hali vali ya usalama ya mtambo ilipangwa kufunguka kwenye kilo 11. Maana yake ni kwamba bomba halikuwahi kujaribiwa kwa mzigo ambao mtambo wenyewe uliruhusiwa kulibebesha.

Je, watu wale walikuwa wazembe? Tukijibu ndiyo, tutakuwa tumejifunza kidogo sana. Walikuwa mafundi wenye ujuzi, na kuchomelea kwao hakukuwa ndiko chanzo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza. Mhandisi mkuu wa mitambo aliondoka mwanzoni mwa mwaka ule na nafasi yake ilikuwa bado haijajazwa. Kiwandani hapakuwa na mhandisi mitambo mwenye sifa kamili aliyeweza kutambua kwamba pale kulikuwa na swali la uhandisi. Waliobaki waliiona kazi ya kuunga mabomba tu. Hata ufa wa tangi la tano ulikuwa na historia yake. Palipokuwa na uvujaji mdogo ilizoeleka kumwagia maji ili kupunguza mvuke, na maji ya kupozea yalikuwa na chumvi za naitreti ambazo, yakikauka juu ya chuma chenye moto, huila chuma hicho na kukipasua. Kwa maneno mengine, dawa ya jana ilizaa ugonjwa wa leo. Na ugonjwa ulipoonekana, mtambo uliwashwa kabla sababu ya ufa haijajulikana na kabla matangi mengine matano hayajachunguzwa kama nayo yana ufa wa namna hiyo.

Sasa tutoke kwenye kisa kimoja tuitazame kanuni. Kiwanda kinapojengwa, pande tatu hutazamana: mwenye mali, mkandarasi na mhandisi mshauri. Kila upande una maslahi yake, na mkataba umewaweka makusudi katika hali ya kuchungana. Zege halimwagwi mpaka nondo zimeonekana; malipo hayatoki mpaka kazi imekubaliwa. Katika matengenezo pande hizo tatu huyeyuka zikawa moja. Idara ileile ya matengenezo inaamua kifanyike nini, inafanya au inamwita mkandarasi wake wa kila siku, inakagua, inasaini, kisha inakabidhi. Na idara hiyo inapimwa kwa saa ambazo mtambo umefanya kazi. Ukimpa mtu mmoja wajibu wa kuharakisha na wajibu wa kuchelewesha, usishangae ukiona wajibu wa kwanza umeushinda wa pili, hata kama mtu huyo ni mwadilifu.

Ongeza hapo ugumu wa kazi yenyewe. Anayejenga anafanya kazi na chuma kipya ambacho cheti chake kinasema ni cha aina gani. Anayekarabati anaunga chuma kipya na cha zamani kilichopungua unene kwa kutu, ambacho huenda aina yake haijulikani, kwenye mtambo ambao michoro yake haijasahihishwa tangu ubadilishwe mara ya mwisho. Anayejenga anafanya kazi mahali ambapo mabomba hayajaona mvuke wala gesi. Anayekarabati ana mvuke ukuta wa pili. Kwa vipimo vyote hivi, ukarabati ndio kazi ngumu zaidi, lakini ndio tunaoupa muda mfupi zaidi na karatasi chache zaidi.

Ushahidi wa pili tuutoe Siberia. Kwenye mto Yenisei nchini Urusi kuna kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, chenye mitambo kumi ya megawati 640 kila mmoja, jumla megawati 6,400. Ili upate picha ya ukubwa wake, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo namba mbili wa kituo kile ulifanyiwa ukarabati mwanzoni mwa mwaka 2009, ukapokelewa na kurudishwa kazini mwezi Machi. Baada ya hapo mtikisiko wake ukaendelea kupanda. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti mtikisiko ulikuwa umezidi kiwango kinachoruhusiwa mara kadhaa, na mtambo bado ulikuwa unazunguka. Mara mfuniko wa turbini ukang'oka, mtambo wenye uzito wa mamia ya tani ukarushwa juu, na maji ya bwawa yakaingia ukumbini. Watu 75 walikufa. Wachunguzi walipozitazama bolti zilizokuwa zimeushika mfuniko, kati ya 49 walizozichunguza 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma, na bolti sita zilionekana kuwa hazikuwa na nati.

Nyufa za namna hiyo hazianzi asubuhi ya ajali. Hukua kwa miaka, kidogo kidogo, kila chuma kinapotikiswa. Jicho la kawaida haliwezi kuziona bolti ikiwa imefungwa mahali pake. Zinahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho ni chombo cha kushikwa mkononi. Miezi michache tu kabla ya ajali mtambo ulikuwa umesimama kwa ukarabati, na huo ndio wakati ambapo bolti zingeweza kufikiwa. Lakini swali la "tumetengeneza nini" lilimeza swali la "tumeangalia nini". Kuna tofauti hapa ambayo wasimamizi wengi huipuuza. Ubora wa matengenezo hauishii kwenye kile kilichobadilishwa. Unahusu pia kile kilichoachwa mahali pake na kuaminiwa kwamba bado ni kizima. Mkaguzi anayekagua orodha ya kazi zilizofanyika peke yake amekagua nusu ya kazi.

Pengine msikilizaji utasema: basi tuwe na ukaguzi mkubwa wa mwisho, mambo yote yatazamwe kabla ya kuwasha. Wazo hilo lina mvuto, ila linasahau kwamba kila kazi ina saa yake ya kuonekana, na saa hiyo ikipita hairudi. Chukua uchomeleaji. Vijiti vingi vya kuchomelea vyuma vya shinikizo vinatakiwa kukaa vikavu, ndani ya tanuri dogo la joto, mpaka fundi anapovitumia. Katika hewa yetu ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mtwara, boksi likiachwa wazi vijiti hunyonya unyevu. Unyevu ule ukifika kwenye moto hutoa hidrojeni, hidrojeni huingia ndani ya chuma, na chuma kikishapoa hupasuka. Hakipasuki palepale, hupasuka baada ya saa nyingi, pengine siku mbili. Mkaguzi aliyepita jioni ya siku ya kazi akaona mshono safi unaong'aa hakuona uongo, ila alikuja mapema mno kwa ufa na alichelewa mno kwa vijiti. Wakati wa kuzuia ufa ule ulikuwa asubuhi, boksi lilipofunguliwa.

Au chukua msingi wa zege wa mashine. Nguvu ya zege hupimwa kwa vipande vinavyovunjwa maabara siku ya 28. Majibu yakija kuwa mabaya, mashine imeshakaa juu ya msingi, bolti zimeshakazwa, na hakuna meneja atakayekubali kirahisi kuvunja. Ndiyo maana msimamizi mzuri anapima maji na mchanganyiko zege likiwa bado bichi, na anazitazama nondo kabla halijamwagwa. Bomba la mvuke nalo likishavikwa sufi ya kuzuia joto na bati, kutu inayoanza chini ya vazi hilo haionekani tena. Flenji ikishafungwa, huwezi kujua gasketi iliyomo ni ya aina gani. Kwa hiyo mpango wa usimamizi lazima uandikwe kabla kazi haijaanza, ukitaja waziwazi hatua ambazo fundi akifika anasimama, anaita, na haendelei mpaka aliyeitwa amefika, ameona na ameandika jina lake. Ukaguzi wa mwisho una kazi yake, nayo ni kuhakikisha kwamba vituo hivyo vyote viliheshimiwa. Hauwezi kuchukua nafasi yao.

Kuna ushahidi wa tatu, nao unahusu mahali ambapo kazi nyingi za ukarabati huvunjikia: pale mtu mmoja anapomkabidhi mwingine. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja kati ya mbili ilikuwa imesimamishwa. Vali yake ya usalama ilikuwa imeng'olewa kwa matengenezo, na mahali pake pakawekwa kifuniko cha muda ambacho hakikukazwa barabara. Pampu ya pili ikakwama. Watu wa zamu ya usiku walijua kwamba pampu ya kwanza ilipangiwa matengenezo ambayo hayajaanza. Hawakujua kwamba vali haipo, kwa kuwa kazi ya vali ilikuwa na kibali chake peke yake na habari hiyo haikuwafikia. Wakaiwasha. Gesi ikavuja, moto ukafuata, na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa taarifa mwaka 1990 yenye mapendekezo 106. Kibali cha kazi kilikuwepo, fomu zilikuwepo, saini zilikuwepo. Kilichokosekana ni uhakika kwamba anayewasha anajua alichoacha aliyefungua.

Sasa tufike kwenye pingamizi, maana zipo na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni gharama. Mtambo uliosimama hauleti fedha, na kwa viwanda vyetu hesabu hiyo inauma. Tazama viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa au TPC kule Moshi. Mitambo hufunguliwa wakati wa masika, mashamba yakiwa hayapitiki, na inatakiwa iwe tayari mvua zikikatika. Muwa ukishakatwa hupoteza sukari kila siku unayokaa, na wakulima wa nje wanasubiri kuuza. Meneja anayesema tungoje siku mbili anaungojesha mnyororo mzima wa watu. Siwezi kulibeza hilo. Lakini hebu tuulize muda huo hupotea wapi. Ukaguzi uliopangwa ndani ya ratiba tangu mwanzo huchukua saa. Unaochelewesha kazi ni ule uliosahauliwa, ukakumbukwa siku ya kuwasha, vazi la bomba likalazimika kuvuliwa upya. Kulijaribu bomba jipya kwa maji yenye shinikizo kubwa kuliko lile la kazini ni shughuli ya siku moja, na maji yana fadhila kwamba yakipasua bomba yanamwagika tu, hayalipuki kama gesi. Jaribio la namna hiyo pale Flixborough, likipita kiwango cha vali ya usalama, lingeuonyesha udhaifu wa bomba likiwa halina kitu cha hatari ndani.

Tena gharama ina upande wa pili ambao wahasibu huuweka katika daftari jingine. Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, mkoani Morogoro, na watu 11 wakapoteza maisha. Sikitaji kisa hiki ili kumnyooshea mtu kidole. Nakitaja kwa sababu wapo wanaodhani hatari ninayoizungumzia ni ya viwanda vya kemikali vya Ulaya au mabwawa ya Siberia. Mvuke wa boila ya sukari, ya chai au ya nguo una nguvu ya kuua, na boila zimetapakaa katika nchi zetu.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi wenyewe, na linastahili kusikilizwa kwa heshima. Wanasema: tuna miaka ishirini kwenye mtambo huu, tunaujua kwa sauti yake, leo kijana mwenye kompyuta aje kutufundisha kukaza bolti? Kweli, ujuzi wa fundi ni mali ambayo hakuna fomu inayoweza kuibadilisha. Lakini uzoefu una mpaka wake: hufundisha yale yaliyokwisha kutokea mbele ya macho. Fundi aliyekaza flenji elfu moja anajua flenji. Haimaanishi anajua kwamba bomba lenye magoti mawili kati ya viungo viwili vyenye mikunjo litajipindua, kwa kuwa hajawahi kuliona likijipindua, na siku atakayoliona huenda ikawa ya mwisho. Usimamizi haupo ili kumshuku fundi. Upo ili swali lililo nje ya uzoefu wake liulizwe na mtu ambaye amelisomea, na ili fundi akiona jambo baya awe na pa kulipeleka. Katika viwanda vingi fundi ndiye wa kwanza kujua kwamba kazi haiko sawa, naye ndiye wa mwisho kuulizwa.

Pingamizi la tatu ndilo kali kuliko yote: karatasi hazizuii ajali. Mtu atasema, hata Piper Alpha walikuwa na vibali, na kila mmoja wetu anajua fomu zinavyojazwa ofisini, visanduku vyote vikiwekewa alama ya ndiyo na mtu ambaye hakutoka kwenye kiti. Nakubali kwa moyo wote. Fomu iliyojazwa bila mtu kufika kwenye kazi ni mbaya kuliko kukosa fomu, kwa sababu inampa meneja utulivu asioustahili. Ila dawa ya karatasi ya uongo ni kuandika vitu ambavyo havijazwi bila kuvigusa. Badala ya kuandika "mshono umekaguliwa", iandikwe namba ya mshono, jina la mchomeleaji, aina ya vijiti na saa vilipotolewa kwenye tanuri, na picha ya eksirei iwekwe pamoja. Badala ya "bolti zimekazwa", iandikwe nguvu iliyotumika, kwa kifaa gani, na bolti ngapi zilihesabiwa. Mtu anaweza kudanganya hata hapo, lakini sasa itambidi adanganye kwa namba, na namba zina tabia ya kumsuta mwenyewe.

La nne ni uhaba. Wakaguzi wa serikali ni wachache na viwanda ni vingi. Nani atasimama kila mahali? Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinadai boila na vyombo vya shinikizo vichunguzwe mara kwa mara na watu walioidhinishwa. Zipo pia bodi za kusajili wahandisi na makandarasi. Lakini mkaguzi wa serikali huja kwa kalenda, na ukarabati huja kwa dharura. Kiraka kinawekwa kati ya ziara moja na nyingine. Kwa hiyo mzigo mkubwa lazima ubebwe na kiwanda chenyewe, na hapo uhaba unapungua tukikubali kwamba si kila kazi inahitaji mhandisi. Kubadilisha gasketi kwa nyingine ya aina ileile ni kazi ya fundi na msimamizi wake. Kubadilisha umbo, ukubwa, aina ya chuma au njia ya kitu kinachobeba shinikizo, moto au mzigo ni ujenzi, hata kama kipande chenyewe ni kifupi kama mkono. Mstari uchorwe hapo: kazi ikiuvuka, hesabu zifanywe, mchoro uchorwe, na mtu asiyekuwa na haraka ya kuwasha aukubali. Na kila kiraka cha muda kipewe tarehe ya mwisho kikiwa bado cha moto, maana katika viwanda hakuna kitu cha kudumu kama kilichoitwa cha muda.

Linabaki suala la mamlaka, na hapo ndipo hoja yote inaposimama au kuanguka. Mkaguzi wa ubora anayeripoti kwa meneja wa uzalishaji anaomba ruhusa ya kumpinga bosi wake. Mkaguzi anayelipwa na mkandarasi anayemkagua yuko katika hali mbaya zaidi, na ndivyo inavyokuwa pale zabuni inapotolewa kwa bei ya chini kabisa, na udhibiti wa ubora ukaingizwa humohumo kama kipengele cha mkandarasi. Mkandarasi ana wajibu wa kujikagua. Hilo halimwondolei mwenye kiwanda wajibu wa kumkagua. Mkaguzi wa ubora aripoti kwa mkurugenzi mkuu, saini yake iwe sharti la kuwasha, na uamuzi wa kumkatalia ufanywe kwa maandishi na mkubwa mwenye jina, ili ajulikane aliyechukua hatari. Sharti hilo la mwisho halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Linahitaji mwenye kiwanda akubali kwamba kuna siku ataambiwa hapana ndani ya mali yake mwenyewe.

Na kipo kipimo rahisi cha kujua kama amekubali. Mwenye kiwanda, mjumbe wa bodi, hata kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aombe daftari la matengenezo la miaka mitano iliyopita, atafute siku ambayo mkaguzi alikataa kusaini na mtambo ukangoja. Katika kazi ya binadamu, kwenye mitambo inayozeeka, na maelfu ya mishono na bolti, haiwezekani kila kitu kilikuwa sawa mara ya kwanza kila siku. Akizikuta siku hizo zimeandikwa, na sababu zake, na kilichorekebishwa, kiwanda hicho kina usimamizi. Asipokuta hata moja, asifurahi. Amwite mkaguzi wake, amwulize siku ya mwisho alipotaka kusema hapana, na ni nini kilichomfunga mdomo.